UZI: Amri za visoma skrini, tukubaliane zipi ziwe msingi madarasani na kwenye maabara zetu

Mwl_Kibodi (mwanzisha uzi)

Salaam wadau. Uzi huu ni wa walimu wa kompyuta wanaofundisha wasioona, mafundi wa maabara na watumiaji wenyewe. Mwanafunzi aliyefundishwa NVDA akikalishwa kwenye mashine yenye JAWS (vyote ni visoma skrini, programu zinazomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini) anakuwa mgeni kabisa. Aliyezoea JAWS naye akikaa kwenye NVDA anazima sauti bila kujua kitufe gani kimemponza. Tunahitaji msingi mmoja wa amri ambao kila mwalimu anaufundisha wiki ya kwanza, na orodha moja ya mitego ambayo kila fundi anaijua.

Kwanza tujue tumefikaje hapa. JAWS ilianza mwaka 1989 enzi za DOS, kazi ya Ted Henter. Amri zake zilijengwa kuzunguka pedi ya namba: Insert ya chini kushoto kwenye pedi inashikwa na kidole gumba, vidole vingine vinasoma mstari, neno na herufi. NVDA ilianzishwa na Michael Curran kule Australia mwaka 2006, ni ya bure, na amri zake nyingi za kawaida zinalingana na zile ambazo watu walikuwa wameshazizoea. Narrator ya Windows ilikaa na amri zake za kivyake miaka mingi, hadi mwaka 2018 ikaletewa mpangilio mpya wa vitufe unaokaribiana na wenzake. Kwa hiyo usanifu upo nusu, ila umekuja kwa mazoea. Hakuna aliyekaa mezani akauandika.

Hizi hapa zinafanya kazi ileile kwenye NVDA (mpangilio wa kompyuta ya mezani), JAWS (mpangilio wa mezani) na Narrator (mpangilio wa kisasa). Zifundisheni mwanzo kabisa:

Ctrl peke yake: nyamaza.
Insert+1: hali ya kujifunza vitufe. Kila utakachobonyeza kinatajwa jina na kazi yake, hakitendwi. Insert+1 tena kutoka.
Insert+T: jina la dirisha.
Insert+Tab: niko juu ya kitu gani.
Insert+Mshale wa chini: soma kuanzia hapa hadi mwisho.
Insert+F: maandishi haya yana umbo gani, fonti gani.
Insert+F7: orodha ya viungo. Kwenye NVDA dirisha hilo linabeba pia vichwa, maeneo, batani na sehemu za fomu.
Ctrl+Alt+Mishale: kutembea ndani ya jedwali seli kwa seli.
Ukurasani: H kichwa kinachofuata, 1 hadi 6 kichwa cha ngazi hiyo, T jedwali, B batani, E sehemu ya kuandika, C orodha kunjuzi, X kisanduku cha tiki, F sehemu yoyote ya fomu. Ukiongeza Shift unarudi nyuma.

Mwanafunzi mwenye hizi tu anaweza kufungua ukurasa, kujua yuko wapi, kusoma na kujaza fomu kwenye mashine yoyote ya Windows. Insert+1 muipe somo zima peke yake. Ndiyo inayomwezesha kujitafutia nyingine zote bila kumsubiri mwalimu.

Sasa nitupe hoja yangu. Amri ikiwa tofauti, mwanafunzi anabonyeza, halitokei jambo, anauliza. Hilo halina madhara. Hatari iko kwenye amri ileile yenye kazi mbili. Tuziorodheshe hizo.

---

Nukta_Sita

Mwalimu umegusa penyewe. Naanza na ile inayotesa watu wengi, Insert+Space.

Kwenye NVDA, Insert+Space inabadilisha kati ya hali ya kusoma ukurasa na hali ya kuandika. Kwenye Narrator inawasha na kuzima hali ya kusoma, dhana inayokaribiana. Kwenye JAWS, Insert+Space haibadilishi chochote peke yake. Inafungua mlango wa amri za tabaka na kusubiri herufi ya pili. Utasikia kamlio kafupi tu.

Tazameni inavyoharibika. Mtu wa NVDA yuko kwenye JAWS, kafika sehemu ya jina kwenye fomu, anabonyeza Insert+Space akidhani anaingia hali ya kuandika. Kisha anaanza kuandika "Salma". Herufi S inamezwa na tabaka, na S kwenye tabaka hilo ndiyo amri ya kunyamazisha usemi. Sauti inakatika palepale. Anaendelea kubonyeza vitufe kwenye giza, na mwishowe anasema kompyuta imeganda. Haijaganda. Dawa: Insert+Space, achia, S tena, na urudie mpaka usemi kamili urudi. Angeandika "Hamisi" angefunguliwa dirisha la historia ya usemi, maana H ndiyo kazi yake.

Nyingine:

Insert+3. JAWS: pitisha kitufe kinachofuata moja kwa moja kwenye programu. NVDA: badilisha usomaji wa maneno unapoandika. Mtu wa JAWS akiizoea, kwenye NVDA anashangaa kila neno linarudiwa au limeacha kurudiwa. Kazi hiyo ya kupitisha kitufe NVDA imeiweka kwenye Insert+F2. Na Insert+F2 kwenye JAWS inafungua orodha ya mameneja wa JAWS.

Insert+Q. JAWS: nitajie programu niliyomo na mipangilio inayotumika. NVDA: funga NVDA. Kwa kawaida linatokea dirisha la kuthibitisha, basi mwanafunzi afundishwe Escape kabla hajabonyeza Enter kwa haraka. Kuifunga JAWS ni Insert+F4, Narrator ni Insert+Escape.

Insert+F1. JAWS: msaada kuhusu kitu ulichopo. NVDA: kumbukumbu za kiufundi za programu, ukurasa mrefu usiomsaidia mwanafunzi chochote. Alt+F4 kutoka.

Insert+S kwenye NVDA. Hii mgongano wake ni na vidole vyenyewe, maana mtu anataka Ctrl+S anakamata Insert. Inazungusha namna za usemi: kusema, milio, kimya, na kwenye matoleo ya 2024 na kuendelea kuna kusema kwa kuombwa tu. Ukisikia milio badala ya maneno, bonyeza Insert+S mpaka maneno yarudi.

---

Dada_Vitufe

Naongeza za ukurasani, maana watu hudhani herufi zote ni sawa kumbe sivyo.

D kwenye NVDA na Narrator ni eneo la ukurasa, yaani menyu kuu, sehemu kuu, mguu wa ukurasa. Kwenye JAWS eneo ni R, na D inakupeleka kwenye kitu cha aina tofauti na ulichopo. R kwenye NVDA ni kitufe cha redio, kile cha kuchagua kimoja kati ya vingi. Kwenye JAWS hicho ni A. K kwenye NVDA ni kiungo. Kwenye JAWS K ni alama ulizoweka mwenyewe, hivyo mtu anaambiwa hakuna alama na anaondoka akiamini ukurasa hauna viungo. Ukiwa JAWS tumia U kwa viungo ambavyo hujavifungua na V kwa ulivyokwisha kufungua. Hizi mbili zipo pia NVDA, kwa hiyo kwenye msingi wetu napendekeza tufundishe U na V, K iwe ya ziada.

---

Fundi_Mpakato

Wakuu, mbona mnazungumza kana kwamba kila mashine ina pedi ya namba? Kompyuta mpakato nyingi zinazoletwa kwenye vituo hazina, na Insert imefichwa nyuma ya Fn au haipo kabisa. Hapo wengi wanachagua mpangilio wa mpakato, na msingi wa mwalimu unavunjika siku hiyohiyo. Kwenye NVDA ya mpakato, kusoma yote ni NVDA+A ("NVDA" hapo ni kitufe cha Insert au CapsLock). NVDA+Mshale wa chini inakuwa mstari mmoja unaofuata wa kishale cha mapitio, kile cha kusomea skrini bila kuhamisha kishale cha kuandikia. Mstari wa sasa ni NVDA+L. Kwenye JAWS ya mpakato CapsLock+L ni neno linalofuata, mstari wa sasa ni CapsLock+I. Yaani ndani ya NVDA yenyewe tuna lugha mbili. Mnashauri nini?

---

Mwl_Kibodi

Fundi, swali zuri, na jibu lake wengi hawalijui: mpangilio na kitufe kiongozi (kile kinachoshikwa pamoja na vingine, kama Insert) ni vitu viwili tofauti kwenye NVDA. Unaweza kuacha mpangilio wa mezani na ukaweka CapsLock iwe kitufe cha NVDA. Fanya hivi:

NVDA+N kufungua menyu, ingia "Preferences", kisha "Settings", shuka hadi "Keyboard". Kwenye mpangilio wa kibodi acha "desktop". Kwenye orodha ya vitufe vya NVDA weka tiki kwenye CapsLock, acha na Insert zote mbili. Bonyeza OK, halafu NVDA+Ctrl+C kuhifadhi. Mashine isiyo na Insert kabisa ifanyie hivi ukiwa na kibodi ya nje, au weka tiki ya CapsLock kwenye dirisha la ukaribisho NVDA inapofunguliwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo CapsLock+Mshale wa chini inasoma yote, CapsLock+T inataja dirisha, kila kitu kama mashine ya mezani. Narrator yenyewe inakubali Insert na CapsLock bila kuguswa. Kwenye JAWS, CapsLock inapatikana ukichagua mpangilio wa mpakato.

Unachopoteza ni kusoma kwa kishale cha mapitio na kutembea kwenye vitu, kazi zinazokaa kwenye pedi ya namba. Kwa wiki sita za mwanzo mwanafunzi hazihitaji. Akifika huko, mpeni mpangilio wa mpakato kwa makusudi na mwambieni nini kinabadilika.

Jambo la kuwaeleza mapema: akitaka herufi kubwa za CapsLock yenyewe, aibonyeze mara mbili haraka. Asipoambiwa, atadhani kitufe kimekufa.

---

Kibodi_Tupu

Na wenye pedi ya namba waangalie NumLock. Ikiwa imewaka, Insert ya kwenye pedi inaandika 0. Mwanafunzi anabonyeza "Insert+T" na kwenye karatasi yake inatokea 0t. Kila mkiona sifuri zimetapakaa kwenye kazi ya mwanafunzi, shida ni hiyo.

---

Msimbo_Safi

Mimi natengeneza tovuti, naomba niingie kwa upande wetu, maana mzigo mnauweka wote kwenye visoma skrini na sehemu yake ni ya kwetu.

Tovuti ikitega herufi moja moja kama njia ya mkato (J barua inayofuata, K iliyopita), inagongana na herufi za kusomea ukurasa. Ndiyo maana mwongozo wa WCAG 2.1, ule wa tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu, wa mwaka 2018 una kigezo 2.1.4, tena cha ngazi A: njia ya mkato ya herufi moja lazima mtumiaji aweze kuizima, au kuibadilisha, au ifanye kazi pale tu kitu husika kinapokuwa kimelengwa. Wanaotengeneza mifumo ya vyuo na ofisi wakisome kigezo hicho kabla ya kuweka mbwembwe.

Pili, accesskey, yaani herufi ambayo mtengenezaji wa tovuti anaipa kiungo au batani iwe njia yake ya mkato. Kwenye Chrome ya Windows inaitwa kwa Alt, kwenye Firefox kwa Alt+Shift. Ukiweka accesskey ya D unagongana na Alt+D inayompeleka mtu kwenye anwani ya kivinjari. Msiziweke. Vichwa vilivyopangwa sawasawa vinamfaa asiyeona kuliko accesskey 20.

Tatu, role="application" kwenye ukurasa mzima. Hii inaambia kisoma skrini kiache hali ya kusoma, basi H, T na wenzake wote wanakufa. Mtumiaji anasema "NVDA imeharibika" kumbe ni msimbo wenu. Msiiweke kwenye kiunzi cha ukurasa hata siku moja.

Nne, kwa tabo, menyu na orodha za miti, fuateni mwongozo wa W3C wa ARIA unaoeleza vitufe vya kila kifaa: Tab inaingia kwenye kundi, mishale inatembea ndani yake, Space au Enter inatenda. Hapo tayari pamesanifishwa, ni uvivu tu wa kutofuata.

Na lang="sw", inayotaja lugha ya ukurasa, kwenye ukurasa wa Kiswahili. Herufi sita tu za kuandika, lakini bila hizo sauti ya Kiingereza inasoma "wanafunzi" mpaka mtu hajui ni lugha gani.

---

Nukta_Sita

@Msimbo_Safi asante sana. Hapo kwenye lang niongeze: sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA ina Kiswahili ndani, huhitaji kununua. NVDA+Ctrl+V, kwenye orodha ya sauti tafuta "Swahili", na hakikisha tiki ya kubadilisha lugha yenyewe imewekwa. Matamshi yake ni ya kimashine lakini silabi zinasikika sawasawa.

Mgongano mwingine wa upande wa tovuti ambao watu hawaujui: Google Docs. Kwenda kichwa kinachofuata ndani ya Docs ni Ctrl+Alt+N kisha H. Na NVDA ikisakinishwa inaweka Ctrl+Alt+N iwe njia ya mkato ya kuianzisha. Kwa hiyo kila mtu anapotaka kichwa, NVDA inajizima na kuwaka upya. Tiba: nenda kwenye ikoni ya NVDA ya eneo-kazi, Alt+Enter, kwenye sehemu ya "Shortcut key" weka mchanganyiko mwingine usiotumika na Docs, OK. Na kumbuka Docs yenyewe inahitaji msaada wa kisoma skrini uwashwe, Ctrl+Alt+Z.

---

Bin_Jedwali

Ctrl+Alt+Mishale kwenye jedwali inafanya skrini igeuke miguu juu kwenye baadhi ya mashine zetu. Asiyeona haoni tofauti, anasikia tu kwamba seli haibadiliki. Mwenye kuona anapopita ndipo anapiga kelele.

---

Kibodi_Tupu

@Bin_Jedwali hiyo ni programu ya picha ya Intel, ya zamani, imechukua mishale hiyo kwa ajili ya kugeuza skrini, na inaikamata kabla kisoma skrini hakijaipata. Ctrl+Alt+Mshale wa juu inarudisha skrini sawa. Kisha Ctrl+Alt+F12 ufungue paneli yake, tafuta sehemu ya njia za mkato za kibodi na uzizime. Fanya kwenye kila mashine kabla ya kufundisha majedwali, siyo siku ya somo.

---

Fundi_Mpakato

Basi mimi napendekeza twende mbali zaidi. Kwa nini tusiandike amri zetu wenyewe? NVDA inaruhusu kubadilisha kila kitu. Tunachukua faili moja, tunalisambaza kwenye mashine zote, NVDA na JAWS zinakuwa kitu kimoja. Kazi imekwisha.

---

Dada_Vitufe

Hapana ndugu yangu, hapo nakupinga kwa nguvu zote. Mwanafunzi hakai kwenye maabara yako maisha yake yote. Kesho anaitwa kwenye usaili, anawekewa NVDA mpya isiyoguswa, mipangilio ya kiwandani. Ukiwa umemfundisha amri za nyumbani kwenu tu, umemfungia ndani ya chumba chako. Vitabu vya mwongozo, masomo ya sauti ya mtandaoni, wenzake wa vituo vingine, vyote vinatumia amri za kiwandani.

Mimi msimamo wangu: usibadilishe amri inayofanya kazi. Ondoa tu ile inayomdhuru anayeanza, na muda wa kuiondoa uwe na mwisho. NVDA+S iondoeni kwa muhula wa kwanza. Muhula wa pili irudisheni na ifundisheni.

---

Mwl_Kibodi

Naungana na Dada_Vitufe. Fundi, nia yako ni njema na ufundi wako tutautumia kwa hilo dogo. Hatua ni hizi kwa ambaye hajawahi:

NVDA+N, "Preferences", "Input gestures". Linafunguka dirisha lenye kisanduku cha kuchuja na mti wa makundi. Kwenye kuchuja andika "speech mode". Shuka kwenye mti, fungua amri ya kuzungusha namna za usemi kwa Mshale wa kulia, chini yake utakuta NVDA+S. Ikiwa imeteuliwa, Tab hadi "Remove", Enter. OK.

Anayetaka Insert+3 ipitishe kitufe kama JAWS, kwa mtu mzima aliyehamia NVDA baada ya miaka mingi, aanze kwa kuiondoa ilipo sasa, ndipo aende kwenye amri ya kupitisha kitufe, "Add", abonyeze NVDA+3. NVDA itauliza kama ni kwa mpangilio huu tu au yote. Chagua yote.

Mabadiliko yanaandikwa kwenye faili liitwalo gestures.ini. Windows+R, andika %appdata%\nvda, Enter, utalikuta. Nakili faili hilo tu kwenye folda hiyohiyo ya mashine nyingine na uwashe NVDA upya. Usinakili folda nzima, utahamisha na mipangilio ya kadi ya sauti ya mashine isiyohusika. Ukitaka kurudi kiwandani, kwenye dirisha hilohilo la amri kuna batani ya kurudisha zote. Usichanganye na NVDA+Ctrl+R: ukiibonyeza mara moja inarudisha mipangilio uliyohifadhi mwisho, mara tatu inafuta mipangilio yote hadi ya kiwandani, na sauti ya Kiswahili inaondoka nayo.

---

Simu_Mkononi

Tusisahau simu, maana wengi wetu wasioona kisoma skrini cha kwanza tulichokishika ni TalkBack ya Android. Huko kwenye simu mambo matatu ni yaleyale kati ya TalkBack na VoiceOver ya iPhone: telezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, kushoto kurudi, gonga mara mbili kufungua. Baada ya hapo njia zinaachana. Kusogeza ukurasa ni vidole viwili kwenye TalkBack, vitatu kwenye VoiceOver. Kuchagua unasomaje (kwa vichwa, kwa maneno, kwa herufi), iPhone unazungusha vidole viwili kama unafungua kifuniko cha chupa, na TalkBack mpya unatelezesha vidole vitatu. Simu za Android za zamani hazitambui ishara za vidole vingi, kwa hiyo kabla hujafundisha darasa zima, kagua kila simu moja moja.

---

Nukta_Sita

Wa Linux na Mac kwa kifupi. Orca: maeneo ya ukurasa ni M, jedwali ni Alt+Shift+Mishale, kujifunza vitufe ni Orca+H. Mac: kitufe kiongozi (huandikwa VO) ni Ctrl+Option kwa pamoja au CapsLock, kujifunza vitufe ni VO+K, na orodha ya vichwa na viungo ni VO+U. Msingi wa mwalimu hauingii huko moja kwa moja. Fundisha dhana, vitufe atavipata kwa hiyo hali ya kujifunza.

Na wanaosema kusanifisha haiwezekani kwa sababu kampuni ni nyingi, watazame vifaa vya nukta nundu. Mwaka 2018 kulitangazwa kiwango cha USB HID cha vifaa vya braille, Apple, Google na Microsoft wakiwemo. Kifaa kinachokifuata kinajitambulisha chenyewe, mistari yake na vitufe vyake, bila kusakinisha programu ya kampuni. Walikubaliana namna kifaa na kompyuta vinavyozungumza, kazi ya kila kitufe wakaiacha kwa kisoma skrini. Nasi tuanze na kinachokubalika.

---

Msasa_wa_Lugha

Naomba nifungue mlango mwingine: majina. Mnaweza kusanifisha vitufe vyote, lakini mwalimu akisema "bonyeza kitufe", mwanafunzi abonyeze nini? Kitufe cha kibodi ni kitufe, na kile cha kwenye skrini nacho mnakiita kitufe. "Mshale" ni wa kibodi na ni wa puku. "Tab" ni ya kibodi na ni ya kivinjari. Kwa anayeona, jicho linaamua. Kwa asiyeona, neno ndilo pekee alilo nalo.

Napendekeza: *kitufe* kibaki cha kibodi tu. Cha kwenye skrini kiitwe *batani*, watu wanalisema tayari. Cha puku kiitwe *kielekezi*. Ya kivinjari iitwe *kichupo*. *Bonyeza* ni kwa kibodi, *bofya* ni kwa puku, na asiyetumia puku asiambiwe abofye kamwe. *Hali ya kusoma* na *hali ya kuandika* ziwe za visoma skrini vyote, hata kama NVDA, JAWS na Narrator kila kimoja kina jina lake la Kiingereza. *Kitufe kiongozi* kiwe Insert au CapsLock, ili karatasi ya somo iandike "Kiongozi+T" na ifae mashine zote.

---

Dada_Vitufe

Hiyo ya "Kiongozi+T" naichukua leo hii. Mimi nilikuwa nachapa karatasi mbili mbili.

Ila "hali ya kuandika" ina kasoro moja. Mtu anaingia hali hiyo pia kwenye orodha kunjuzi na kwenye menyu, ambako haandiki. Tusije tukamfundisha kwamba ni ya maandishi tu, akashindwa kubadilisha orodha ya mikoa kwa mishale.

---

Msasa_wa_Lugha

Kweli. Basi iwe *hali ya kujaza*. Unajaza jina, unajaza mkoa, unajaza tiki.

---

Bin_Jedwali

Swali la mwisho toka kwangu. Nimefanya yote, CapsLock iko sawa, sauti ya Kiswahili iko sawa. Lakini kwenye skrini ya kuandika nywila, kabla Windows haijafunguka, NVDA inasema Kiingereza na CapsLock haikubali. Kwa nini?

---

Mwl_Kibodi

@Bin_Jedwali kwa sababu skrini hiyo haisomi mipangilio ya akaunti yako, ina nakala yake ya mfumo. Ingia kama msimamizi, NVDA+N, "Preferences", "Settings", sehemu ya "General", humo kuna batani ya kutumia mipangilio iliyohifadhiwa wakati wa kuingia na kwenye skrini salama. Kabla ya kuibonyeza, hifadhi kwa NVDA+Ctrl+C, na ondoa programu jalizi usiyoiamini, maana itanakiliwa huko pia na itakuwa na mamlaka ya mfumo. Windows itauliza ruhusa, kubali. Zima mashine, iwashe upya, fika kwenye nywila ubonyeze CapsLock+T. Ikitaja dirisha kwa sauti ya Kiswahili, mashine hiyo imekamilika, nenda inayofuata.